Siku Sufiani Alipopanda Kizimbani

Asubuhi nyingi, vitongoji vya juu ya Mgeta huamka vikiwa havina ardhi. Ukungu hufunika mabonde, nyumba hubaki zinaelea, moja huku na nyingine kule, na moshi wa jikoni hushindwa kuamua kama upande au ulale. Watu huchuma njegere ndani ya weupe huo wakiitana bila kuonana. Si zamani sana, kulikuwa na kitu kimoja kilichoweza kuzizima sauti zote hizo kwa mkupuo: koti la kahawia likijitokeza njiani, mabega kwanza, kisha kofia, kisha mkoba.

"Samansi huyo," mtu angenong'ona, na milango ikafungwa.

Mwenye koti aliitwa Sufiani. Alikuwa msambaza nyaraka wa mahakama ya mwanzo. Alichukua samansi kwa karani, akapanda nazo mlimani, akamtafuta aliyeandikwa jina, akamkabidhi, akamwekesha saini au dole gumba, akarudi. Samansi yenyewe ni karatasi ya kumwita mtu afike mahakamani siku fulani, basi. Lakini huko juu ilikuwa na sifa nyingine kabisa. Ilisemwa kwamba ukiigusa tu, umekwisha. Kwamba aliyeitwa mahakamani ameshahukumiwa, kinachosubiriwa ni gari la kumpeleka gerezani. Kina mama waliokuwa na watoto wakaidi walisema, "Endelea kulia hivyo hivyo, Samansi atakusikia," na mtoto alinyamaza.

Sufiani aliyajua hayo yote na hakuwahi kuyakanusha. Hakuwa mtu wa maneno. Tangu utoto wake katika milima hiyo hiyo alikuwa mtu wa kuzubaa. Alitumwa maji akasimama kutazama jinsi maporomoko yanavyojipasua juu ya mwamba, akarudi ndoo ikiwa tupu. Kazi ya kutembea ilimfaa. Alipanda njia za mteremko mkali zisizopandwa hata na bodaboda, kushoto matuta ya kabichi, kulia bonde lisiloonekana chini yake, na mara nyingine alihisi kwamba hatembei juu ya udongo bali juu ya mawingu yenyewe, na kwamba mji wa Morogoro, na stendi ya Msamvu na mabasi yake yote, ni kitu alichokiota jana. Wakati mwingine alifika nyumba aliyotumwa akiwa amesahau kwa muda kwamba ana mkoba.

Mlango uliofungwa ndio uliomkumbusha.

Aliyeumia zaidi ni mkewe, Mwanahawa. Walikaa karibu na mahakama, na yeye alipenda watu. Alikwenda kwenye kila arusi na kila msiba, na kila alipoingia, mazungumzo ya wanawake yalipungua kama taa inayopunguzwa utambi. Kisha mmoja angemuuliza kwa sauti ya chini, "Mwenzetu, leo baba kaenda upande gani?" Si kwamba walimchukia. Walitaka tu kujua nani amekwisha.

"Siku moja uwaambie hiyo karatasi ni nini," Mwanahawa alimwambia mumewe.

"Wameandikiwa wao. Wataisoma."

"Hawaisomi, Sufiani. Wanakutazama wewe."

Yeye alitikisa kichwa tu, akaendelea kupaka mafuta viatu vyake vya mlimani.

Katika milango yote iliyofungwa mbele yake, mmoja ulimkaa moyoni. Ulikuwa wa Asia, mjane aliyelima karoti na njegere kitongoji cha juu kabisa, ambaye watu walimwita Mama Abasi kwa jina la mwanawe. Mumewe alipofariki, shemeji yake alikwenda mahakamani kuomba awe msimamizi wa mirathi, na Asia akaitwa afike aseme kama ana pingamizi au hana. Sufiani alipanda na wito huo siku ya mvua nyepesi. Alipofika, hapakuwa na mtu. Lakini chungu kilikuwa kinachemka jikoni, kanga iliyoanikwa ilikuwa bado inadondoka maji, na nyuma ya migomba kuna jani moja lilitikisika bila upepo. Alisimama pale muda mrefu akilitazama jani lile. Kisha akarudi, na baadaye, kama alivyoagizwa, akaja kuibandika samansi mlangoni.

Asia hakwenda. Alifunga nyumba akahamia kwa dada yake mpaka aliposikia kwamba shauri limekwisha. Shemeji akawa msimamizi, na mjane hakusikika hata neno moja.

Mwaka ule hakimu mpya aliletwa, Mheshimiwa Brenda, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti wa Sufiani, mgeni wa baridi ya Mgeta, akivaa sweta juu ya sweta. Asubuhi alimkuta Sufiani barazani, akamwambia, "Shikamoo mzee," naye akajibu, "Marahaba, Mheshimiwa," na kila mmoja aliona haya kidogo, kwa sababu heshima ilikuwa inakwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Ilipofika Wiki ya Sheria, ambayo mahakama nchini hutoka nje kuwaeleza wananchi kazi zao, Brenda aliamua kwenda gulioni. Walifunga turubai pembeni ya soko, wakapanga meza, vipeperushi na kipaza sauti. Karani aliketi. Hakimu aliketi. Sufiani alisimama nyuma yao na koti lake.

Hakuna aliyesogea. Gulio lilikuwa limejaa, malori yalikuwa yanapakia kabichi za kwenda Dar es Salaam, wanawake walikuwa wakishuka na matenga ya nyanya vichwani. Lakini kila aliyefika usawa wa turubai alipinda njia, akazunguka mbali, kama maji yanavyozunguka jiwe. Brenda alizungumza kwenye kipaza sauti kuhusu dhamana, kwamba haiuzwi. Sauti yake iligonga mlima wa ng'ambo ikarudi: haiuzwi, haiuzwi. Ni mlima tu uliokuwa unamsikiliza.

"Mzee Sufiani," alisema mwishowe, akizima kipaza sauti, "kwa nini wanatuogopa hivi?"

Sufiani alifikiri. "Wananiogopa mimi, Mheshimiwa. Ninyi mmekaa karibu nami."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Hakimu alimtazama, kisha akatazama matenga matupu yaliyorundikwa kando ya lori, na wazo likamjia.

"Tutafanya kesi," alisema. "Kesi ya kuigiza, hapa hapa. Nitaeleza kila hatua. Naomba wewe uwe mshtakiwa."

"Mimi?"

"Wewe. Kama hutajali."

Matenga yakapangwa mraba yakawa kizimba. Alois, mfanyabiashara wa karoti aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko wote gulioni, alikubali kuwa mlalamikaji mara tu alipoelezwa, hata akavua kofia na kujifunza kununa. Karani akatangaza: "Karibuni! Leo Samansi mwenyewe ameshtakiwa! Wizi wa gunia la karoti!"

Gulio likageuka. Watu waliozunguka mbali wakaacha kuzunguka. Wapakiaji wakaruka chini kutoka kwenye malori. Wanawake wakatua mizigo. Walikuja wakicheka, wakasimama mabega kwa mabega, ili wamwone kwa macho yao mtu aliyewahi kufunga milango yao yote akiwa amesimama ndani ya matenga ya nyanya.

Sufiani naye alikuwa anatabasamu. Alikuwa amesikia kesi nyingi dirishani wakati akisubiri nyaraka zake. Aliyajua maneno yote. Aliona ni mchezo.

Brenda aliwasha tena kipaza sauti, akaketi wima, uso wake ukabadilika, na kicheko kikapungua chenyewe. Akasoma shtaka. Kisha akauliza, "Mshtakiwa, umesikia shtaka. Ni kweli au si kweli?"

Mlima wa ng'ambo ukarudia: kweli, si kweli, kweli.

Sufiani alifungua mdomo. Halikutoka neno.

Sentensi ile aliyoisikia maisha yake yote ikiwaendea wengine, sasa ilikuwa imemjia yeye, na haikufanana na ile aliyoijua. Ilikuwa na uzito mwingine. Aliona nyuso mbele yake, nyingi, na zote zikianza kufifia kwenye kingo kama vitu vinavyoingiliwa na ukungu, ingawa jua lilikuwa linawaka. Alisikia mto huko chini, karibu mno, kana kwamba unapita ndani ya masikio yake. Alitazama mikono yake iliyoshika ukingo wa tenga, na alishangaa kwa upole, kama mtu anayetazama mikono ya mwingine. Akajiuliza karoti hizo zilikuwa wapi. Akajiuliza kama kweli hakuzichukua. Pengine alizichukua wakati amezubaa. Watu wote hawa wangekuja bure?

Akawaona wengine aliowapelekea karatasi, mmoja mmoja, wakisimama hapo alipo. Hakuwahi kujua kwamba walikuwa wamesimama mahali kama hapo.

"Ni kweli au si kweli?" hakimu aliuliza tena, taratibu zaidi, kwa sababu aliona kwamba mzee hachezi tena.

Mtu mmoja akacheka, kisha akaacha.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya umati: "Mheshimiwa, huyo hajaelewa. Msomee tena."

Watu wakageuka. Alikuwa Asia, na mzigo wake wa njegere ungali kichwani. Hakuwa ameutua, kwani alikusudia kupita tu. Alipoona wanamtazama alitaka kurudi nyuma, lakini waliokuwa nyuma yake walikuwa wameshasogea, hapakuwa na pa kurudi. Basi akasema tena, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, "Msomee pole pole. Mtu akiogopa hasikii."

Brenda aliinuka kitini. "Ndugu zangu, mmemsikia mama huyu?" alisema. "Alichokisema ndiyo sheria. Mshtakiwa ana haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa. Asipoelewa, anaomba asomewe tena, na mahakama haimkasirikii. Na huyu aliyesimama hapa, mpaka sasa hivi, hana hatia. Kuitwa si kuhukumiwa. Kushtakiwa si kuhukumiwa."

Akaketi, akasoma upya, neno moja moja. Macho ya Sufiani yalikuwa kwa Asia, na kwa sababu yalikuwa na pa kushika, uso wa mjane huyo ukamrudia, na nyuso nyingine zikarudi pia, na mto ukashuka bondeni kwake.

"Si kweli, Mheshimiwa," alisema.

Umati ukapumua. Kesi ikaendelea. Alois akaapa, akasema kwa madaha kwamba alimwona mshtakiwa asubuhi na mapema akiondoka na gunia begani, katikati ya ukungu mzito. Hakimu akamweleza Sufiani kwamba sasa ana haki ya kumuuliza shahidi maswali, na watu walianza kumnong'oneza maswali kutoka kila upande, hata karani akalazimika kuwaomba wanyamaze.

"Ukungu ulikuwa mzito," Sufiani alisema. "Ulinitambuaje?"

"Niliona koti. Koti la kahawia. Nani asiyelijua?"

"Geuka nyuma, bwana Alois. Makoti ya kahawia unayaona mangapi?"

Alois akageuka. Mgeta ni baridi, na marobota ya mitumba yanayopanda kule huwa na makoti ya aina moja. Mpakiaji mmoja akainua mkono wa koti lake la kahawia, kisha mwingine, kisha bibi mmoja aliyevaa la kiume mpaka magotini, na kicheko kilichoanguliwa hapo kiliutikisa ule mlima wa ng'ambo.

Brenda alimwachia huru mshtakiwa. Alieleza kwamba hakumwachia kwa kuwa ni mtumishi wa mahakama, wala kwa kuwa watu wamecheka, bali kwa sababu ushahidi haukutosha. Asiyeridhika, alisema, njia ipo: atakata rufaa Mahakama ya Wilaya. Alois alitangaza papo hapo kwamba anakata rufaa, na watu wakamzomea kwa upendo.

Baada ya hapo turubai halikupata nafasi ya kupumua. Waliuliza kuhusu dhamana, kuhusu ndoa, kuhusu shahidi anayeogopa kusema. Asia alisubiri mpaka watu wamepungua. Alikuwa ametua mzigo sasa.

"Mheshimiwa," alisema, "mtu aliitwa kwenye mirathi ya mumewe, akaogopa, hakwenda, na jambo likaamuliwa. Ameshapotea huyo?"

Brenda alimtazama kwa makini. Alielewa. "Mama yangu, kama jambo hilo ni la mtu ninayemwona, siwezi kumjibu hapa atashinda au hatashinda. Linaweza kuja mezani kwangu, na mwenzake hayupo hapa kusikia. Lakini mlango haujafungwa. Mwenye haki katika mirathi anaweza kurudi mahakamani na kuomba asikilizwe, hata kama msimamizi ameshateuliwa. Karani atamweleza pa kuanzia."

"Na akija, hakamatwi?"

"Hakamatwi. Anakaribishwa kiti."

Asia alishukuru. Alipotoka turubaini alimkuta Sufiani akirudisha matenga kwa wenyewe.

"Mama Abasi," alisema yeye, "leo umeniokoa."

"Ulikuwa umepauka kama muhogo." Akatabasamu, kisha akaacha. "Siku ile ya mvua, bwana Sufiani. Ulijua niko migombani?"

"Nilijua."

"Ungeniita."

"Nilidhani ungekimbia zaidi."

"Ungesema tu kwamba naitwa kuulizwa. Neno hilo tu. Mimi nilijua naitwa kufungwa."

Sufiani alilitua chini tenga alilokuwa amelishika. Alirudi nyumbani jioni hiyo akamweleza Mwanahawa kila kitu, kuhusu mikono yake aliyoiona kama ya mwingine, kuhusu karoti ambazo alikaribia kuamini kwamba ameiba. Mwanahawa alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na mumewe hakujua machozi hayo yalikuwa ya kicheko au ya kitu kingine.

Tangu hapo alianza kufanya kazi yake kwa namna nyingine. Hakujitokeza tena ukunguni kimyakimya. Akiwa bado mbali alivua kofia, akaita kwa sauti ambayo ilimgharimu aibu nyingi mwanzoni: "Hodi! Ni Sufiani. Nimeleta wito wa kufika mahakamani, wala sijaja kumkamata mtu!" Alisubiri. Mlango ulipofunguka hata kidogo, aliomba kigoda, akaketi, akamsomea mtu karatasi yake taratibu, akamwambia siku na mahali, na kwamba akifika atasikilizwa. Zaidi ya hapo hakusema, kwa kuwa haikuwa kazi yake kusema nani ana haki. Wapo walioendelea kumkimbia. Mzee mmoja alimrushia gunzi la hindi. Lakini milango ilianza kubaki wazi, mmoja huku, mmoja kule, na samansi nyingi zikarudi kwa karani zikiwa na saini.

Asia alikwenda mahakamani kabla ya msimu wa kupanda. Shemeji yake aliitwa, na aliyempelekea samansi alikuwa Sufiani huyo huyo. Alimsomea kwa sauti ile ile, kwa upole ule ule. Walisikilizwa wote wawili, zaidi ya mara moja. Shemeji hakuwa jambazi. Alikuwa amezoea tu kwamba mjane hasemi. Mwishoni Asia aliteuliwa kuwa msimamizi pamoja naye, na miti ya plamu aliyoipanda na marehemu ikaandikwa kati ya mali zinazomhusu yeye na mwanawe. Hakupata yote aliyoyataka. Alisema alipata la kwanza, kusikilizwa, na mengine wanayamalizia wenyewe nyumbani.

Mwanahawa naye, kwenye arusi moja bondeni, aliingia na mazungumzo hayakupungua. Alikaa mkekani akisubiri yapungue, kwa mazoea, mpaka akasahau kusubiri.

Na Sufiani bado anapanda. Magoti yake yamechoka kidogo, hivyo hupumzika mara nyingi zaidi, na anapopumzika huzubaa kama zamani. Juzi alikuwa ameketi kwenye jiwe mahali ambapo njia hupotea katika wingu, mkoba mapajani, macho nusu yamefungwa, akisikiliza matone yakidondoka kutoka majani ya migomba, asijue kama amelala au yu macho. Mwanamke mmoja akatokea katika weupe ule, akatua mzigo wake wa kuni mbele yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Humo ndani sina karatasi yangu?"

Sufiani alifungua mkoba akatazama, kwa heshima, ingawa alijua. "Huna, mwanangu."

"Basi nitwishe."

Akainuka, akaushika mzigo kwa upande mmoja na mwanamke kwa upande mwingine, wakauinua mpaka ukakaa sawasawa juu ya kata kichwani. Mwanamke akashukuru akaanza kushuka. Sufiani alibaki amesimama njiani akisikia hatua zake muda mrefu baada ya ukungu kummeza.